Seva ya duka ikifa leo, kesho utafungua? Mwongozo wa bekapu kwa biashara ndogo

Maswali ni yale yale kila mwezi. "Seva yangu ina diski mbili zinazonakiliana, bado nahitaji bekapu?" "Mafaili yote yako Google Drive, hiyo haitoshi?" "Ninunue diski ya ukubwa gani?" Majibu ya haraka: unahitaji, haitoshi, angalau mara tatu ya data uliyo nayo sasa. Sababu zake utazikuta njiani.

Mwongozo huu ni wa biashara yenye seva moja na fundi mmoja anayekuja akipigiwa simu. Inaweza kuwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, duka la dawa, zahanati, shule au ofisi ya wakala wa forodha. Mfano nitakaoutumia ni seva ya Ubuntu Server 24.04 (mfumo endeshi wa bure wa Linux) yenye programu ya mauzo inayotunza data kwenye MariaDB, hifadhidata yake ikiitwa duka, pamoja na folda ya pamoja ya ofisi iliyoko /srv/ofisi. Badilisha majina yafanane na ya kwako. Wenye Windows wafuate mpangilio huu huu bila amri zake. Yanayowahusu wao peke yao yako mwishoni.

Naomba jambo moja tangu mwanzo. Usiipime kazi hii kwa wingi wa nakala ulizo nazo. Ipime kwa kuuliza kama mtu mwingine, wewe ukiwa safarini na simu imezimwa, anaweza kuchukua nakala hizo na kulifungua duka. Hatua zote zimepangwa kumfikiria mtu huyo.

Kwanza kaa na mwenye biashara

Kabla hujagusa kibodi, muulize mambo mawili na uandike anavyojibu.

La kwanza: tukilazimika kuandika upya mauzo kutoka kwenye risiti na madaftari, tunaweza kubeba ya muda gani? Duka linalotoa risiti kumi kwa siku litavumilia kupoteza siku nzima. Duka la dawa lenye foleni kutwa halitavumilia hata nusu siku. Jibu hili ndilo litakaloamua bekapu ikimbie mara ngapi.

La pili: duka linaweza kufanya kazi bila mfumo kwa muda gani? Akisema "saa mbili", mweleze kwamba hilo linataka kompyuta ya akiba iliyokwisha kuandaliwa, na hiyo ni gharama. Akisema "hadi kesho mchana", utaratibu ulioko hapa chini unatosha kabisa.

Vitu vya kuwa navyo

- Diski mbili za nje za USB, zenye ukubwa sawa. Kwa biashara nyingi ndogo, TB 1 au 2 zinatosha. Usinunue moja ukisema ya pili utaongeza baadaye, maana utaratibu wote umesimama juu ya diski mbili.
- UPS ya seva, yaani kifaa cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika ghafla wakati hifadhidata inaandika, unaweza kuamka na data iliyoharibika, na bekapu ya usiku huo ikanakili uharibifu.
- Kompyuta yoyote ya zamani inayoweza kubeba Ubuntu, hata mpakato uliochakaa. Hii ni ya mazoezi ya kurejesha.
- Akaunti kwenye hifadhi ya wingu. Hapa natumia Backblaze B2, ambayo haitozi kwa GB 10 za kwanza. Zinazofuata atalipia mwenye biashara kwa kadi ya benki, na hata kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za pesa za simu.
- Bahasha mbili, karatasi na kalamu. Hivi ni vya lazima kama vilivyo diski.
- Programu ya bekapu iitwayo restic, ya bure, inayopatikana kwenye hazina ya programu ya Ubuntu yenyewe.

Nimechagua restic kwa sababu mbili. Inafunga data yote kwa nenosiri kabla haijaiandika popote, kwa hiyo diski ikiibiwa kwenye daladala mwizi hapati majina ya wateja wako wala madeni yao. Tena inanakili yale tu yaliyobadilika, ndiyo maana nakala za mwaka mzima zinaweza kukaa kwenye diski moja ya kawaida.

Hatua kwa hatua

1. Rekebisha saa ya seva. Seva nyingi za Ubuntu huwekwa zikiwa kwenye saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Andika:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Kenya weka Africa/Nairobi, Uganda Africa/Kampala.

2. Andaa diski. Chomeka diski ya kwanza, kisha uandike `lsblk` uone imepewa jina gani. Mara nyingi itakuwa sdb1, lakini usikisie. Angalia ukubwa ulioandikwa pembeni: kama ulinunua ya TB 2, tafuta ya TB 2.

Onyo: amri inayofuata inafuta kila kitu kilichomo. Ukiandika sda badala ya sdb unaweza kuifuta seva yenyewe. Soma mstari mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

`sudo apt install restic`
`sudo mkdir -p /mnt/bekapu /var/bekapu`
`sudo chmod 700 /var/bekapu`
`sudo mkfs.ext4 -L bekapu /dev/sdb1`

Ichomoe, chomeka ya pili, rudia amri ya mwisho. Diski zote mbili zipewe lebo ile ile, bekapu. Hapo ndipo wepesi ulipo, kwa kuwa seva itakubali yoyote iliyochomekwa bila wewe kubadili mpangilio. Usizichomeke zote mbili kwa pamoja. Nje yake zibandike karatasi, moja A na nyingine B.

Sasa fungua /etc/fstab uongeze mstari huu:

`LABEL=bekapu /mnt/bekapu ext4 noauto,nofail 0 0`

Maneno noauto,nofail yana kazi. Bila hayo, seva ikiwaka diski haipo inaweza kukwama katikati ya kuwaka, na asubuhi utapigiwa simu kwamba "mfumo umekufa" kumbe inasubiri diski iliyoko nyumbani kwa bosi. Malizia kwa `sudo systemctl daemon-reload`.

3. Tunga nenosiri na uliandike karatasini. Chukua maneno sita ya Kiswahili yasiyohusiana, yote kwa herufi ndogo, yaliyotenganishwa kwa vistari. Ni marefu ya kutosha kumshinda mwizi, na mtu akiyasoma kwenye karatasi hachanganyi sifuri na herufi O. Yaandike kwenye faili /root/.bekapu-siri, kisha:

`sudo chmod 600 /root/.bekapu-siri`

Halafu yaandike kwenye karatasi mbili. Moja iingie kwenye bahasha ya mwenye biashara, nyingine kwenye bahasha itakayokaa mahali pengine salama. Fanya hivyo sasa hivi, kabla ya hatua ya nne. Nenosiri la restic likipotea hakuna wa kukusaidia, si waliotengeneza programu, si fundi yeyote. Na kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni hili: nenosiri lipo sehemu moja tu, ndani ya seva ile ile inayolindwa. Seva ikiungua, diski ya bekapu inabaki nzima na haifunguki.

4. Anzisha hazina, yaani mahali restic itakapotunza nakala zake, kwenye kila diski. Diski A ikiwa imechomekwa:

`sudo mount /mnt/bekapu`
`sudo restic -r /mnt/bekapu/duka --password-file /root/.bekapu-siri init`
`sudo umount /mnt/bekapu`

Badilisha, weka B, rudia. Amri ya init huandikwa mara moja tu kwa kila diski.

5. Andika skripti, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa kufuatana. Tengeneza faili /usr/local/sbin/bekapu.sh lenye haya:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/.bekapu-siri
export RESTIC_REPOSITORY=/mnt/bekapu/duka

mount /mnt/bekapu
trap 'umount /mnt/bekapu' EXIT

mariadb-dump --single-transaction --routines --events --databases duka > /var/bekapu/duka.sql
tail -n 1 /var/bekapu/duka.sql | grep -q "Dump completed"

restic backup /var/bekapu /srv/ofisi /etc
restic forget --keep-daily 14 --keep-weekly 8 --keep-monthly 12 --keep-yearly 6 --prune

curl -fsS -m 10 --retry 3 -o /dev/null https://hc-ping.com/KITAMBULISHO-CHAKO
```

Kisha `sudo chmod 700 /usr/local/sbin/bekapu.sh`.

Nieleze mistari michache, kwa sababu wengi huifuta wakidhani ni mapambo.

Ule wa set unaiamuru skripti isimame pale pale jambo lolote linaposhindikana. Ukiutoa, hifadhidata inaweza kukataa kunakiliwa na skripti ikaendelea hadi mwisho kana kwamba mambo ni shwari.

Mistari ya mount na trap inaifungua diski kazi inapoanza na kuifunga inapokwisha. Kwa hiyo mchana kutwa diski imechomekwa ila haijafunguliwa, na karani anaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuandika amri yoyote.

Hifadhidata lazima itolewe kwa mariadb-dump. Usinakili folda ya /var/lib/mysql wakati mfumo unafanya kazi. Utapata vipande vya nyakati tofauti visivyoungana, na hutajua mpaka siku ya kurejesha. Mstari wa tail unahakikisha faili limeandikwa hadi mwisho. Pia usilibane faili hilo kwa gzip, kwani restic tangu toleo la 0.14 hubana yenyewe, na faili lililokwisha kubanwa humzuia kutambua yasiyobadilika.

Mstari wa forget unaamua nini kinabaki. Watu huweka siku saba wakaridhika. Lakini faili la mishahara likifutwa kwa bahati mbaya tarehe 3, atakayeligundua ni mhasibu mwisho wa mwezi. Nimeweka na nakala za miaka kwa sababu sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

6. Ipe ratiba. Andika `sudo crontab -e`, ongeza:

`30 22 * * * /usr/local/sbin/bekapu.sh`

Hiyo ni saa nne na nusu usiku. Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo ukiandika 30 4 ukimaanisha saa nne na nusu ya usiku, kazi itafanyika saa kumi na nusu alfajiri. Kosa hili ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, na nimeliona kwenye seva nyingi.

Jambo jingine: duka lako linazima seva wakati wa kufunga? Kama ndiyo, bekapu ya usiku haitafanyika kamwe. Weka 15 13, yaani saa saba na robo mchana, na nyingine nusu saa kabla ya kufunga. Mfumo utaendelea kuuza wakati bekapu inakimbia. Ndiyo kazi ya lile neno single-transaction, mradi majedwali ya hifadhidata yako ni ya aina ya InnoDB.

7. Weka kengele inayolia pakiwa kimya. Fungua akaunti ya bure Healthchecks.io, tengeneza kipimo chenye muda wa siku moja na nyongeza ya saa sita, kisha nakili anwani uliyopewa uiweke kwenye mstari wa mwisho wa skripti. Bekapu ikikamilika, seva inapiga hodi. Hodi isipofika, wewe na mwenye biashara mnapata barua pepe, au Telegram mkitaka.

Wengi hupanga seva itume barua inaposhindwa. Tatizo ni kwamba seva iliyozimika haitumi kitu, na barua zenyewe zinaweza kupotea. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuhifadhi programu za watu dunia nzima, ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu. Walipokwenda kwenye bekapu za kila siku hawakukuta kitu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ni ya 9.6, ikawa inakataa kila siku. Barua za kuripoti hilo zilikuwa zikitumwa, ila mfumo wa barua ulizikataa, hakuna aliyeziona. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma ambayo fundi mmoja alikuwa ameichukua kwa kazi nyingine. Kimya kisikuridhishe.

8. Zungusha diski. Kila Jumatatu asubuhi, anayekuja na diski kutoka nyumbani anaichomeka, iliyokuwepo inaondoka. Mpe mtu mmoja kazi hii kwa jina na umpe msaidizi, halafu weka daftari la kutia sahihi kando ya seva.

Diski inayoondoka iende mbali. Soko la Kariakoo liliwaka usiku wa Julai 10, 2021. Gikomba, Nairobi, imeungua mara nyingi sana. Diski iliyowekwa duka la jirani ndani ya jengo lile lile iko kwenye moto ule ule. Ipelekwe kata nyingine, na isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani.

Kuna aliyeniuliza kwa nini kuhangaika kubeba diski wakati wingu lipo. Mwezi Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kampuni ya meli ya Maersk na kufuta kompyuta zake ulimwenguni kote. Walilazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Kitu walichokosa kabisa ni nakala ya seva zinazotambua watumiaji, kwa sababu seva hizo zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na zilifutwa kwa pamoja. Ikapatikana moja tu, ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na seva ile haikuwa mtandaoni wakati kirusi kinapita. Mfumo mzima wa kutambua watumiaji ulijengwa upya kutoka kwenye nakala hiyo moja. Wewe usisubiri umeme ukukatikie kwa bahati. Diski B iliyoko kabatini nyumbani, bila waya wowote, haifikiwi na kirusi.

Hapa ndipo jibu la diski zinazonakiliana na la Google Drive lilipo. Vyote viwili hunakili kila badiliko, pamoja na kufuta na kuharibu. Vinakukinga na diski kufa. Na karani aliyefuta faili, au kirusi kilichofunga mafaili, je? Hapo usivitegemee.

9. Peleka nakala ya tatu nje kabisa. Kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mahali pengine, ilisambazwa na mpiga picha Peter Krogh wa Marekani, na mpaka leo sijaona ya kuishinda. Diski zimekupa sehemu kubwa yake. Wingu linakupa nakala ya jana usiku iliyoko nje, wakati diski B inaweza kuwa na umri wa wiki.

Tengeneza baketi (sehemu ya kuwekea mafaili) ya faragha kwenye B2, na ufunguo unaofungua baketi hiyo peke yake. Kwenye mipangilio chagua matoleo yaliyofutwa yabaki siku 30. Andika skripti ya pili, bekapu-wingu.sh. Anza na mistari ile ile miwili ya juu na ule wa RESTIC_PASSWORD_FILE, kisha:

```
export AWS_ACCESS_KEY_ID=kitambulisho
export AWS_SECRET_ACCESS_KEY=ufunguo
restic -r s3:https://ANWANI-YA-BAKETI/jina-la-baketi/duka --limit-upload 300 backup /var/bekapu /srv/ofisi /etc
```

Ianzishe kwa init mara moja kama ulivyofanya kwenye diski, ukitaja anwani hiyo, uiweke kwenye cron saa mbili baada ya ile ya kwanza, na ipe kipimo chake cha hodi. Namba 300 ni kasi ya juu ya kupakia kwa kilobaiti kwa sekunde, ili simu za ofisi zisikwame.

Piga hesabu kabla ya kuanza. GB 100 kwa intaneti inayopakia Mbps 5, bila kikomo hicho, zinachukua saa 44 mfululizo. Kwa hiyo peleka folda muhimu kwanza, nyingine siku zinazofuata. Kushusha GB hizo hizo kwa Mbps 20 ni saa 11. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Duka ambalo bekapu yake yote iko ng'ambo, na seva ikafa siku hiyo, lingesubiri sana. Ndiyo maana diski ya mezani inatangulia.

Kama seva yako yenyewe ni ya kukodi kwenye kituo cha data, hakikisha bekapu iko mji mwingine au kampuni nyingine. Machi 10, 2021 kituo cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na wapo wateja waliokuta seva na bekapu zao zilikuwa kwenye eneo lile lile.

10. Rejesha, ukiwa huna haraka. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo ninayoihimiza kuliko zote. Chukua mpakato wa zamani, weka Ubuntu, MariaDB na restic. Chomeka diski B. Usiguse seva.

`sudo mkdir -p /mnt/bekapu`
`sudo mount LABEL=bekapu /mnt/bekapu`
`sudo restic -r /mnt/bekapu/duka snapshots`
`sudo restic -r /mnt/bekapu/duka restore latest --target /srv/jaribio`
`sudo sh -c 'mariadb < /srv/jaribio/var/bekapu/duka.sql'`

Utaulizwa nenosiri. Lisome kwenye karatasi ya bahasha, usilitoe kichwani. Hapo ndipo utajua kama uliliandika sawasawa.

Kisha sakinisha programu ya mauzo, ingia, na ulinganishe na ukweli: namba ya risiti ya mwisho ya siku ile, jumla ya mauzo, deni la mteja mmoja unayemfahamu. Fungua mafaili matano ya folda ya ofisi, yakiwemo ya zamani. Andika umetumia muda gani tangu kuwasha mpakato mpaka kutoa risiti ya majaribio. Huo ndio muda wa kumwambia mwenye biashara, na mara nyingi ni mrefu kuliko alioutaja siku ya kwanza. Ukimaliza, futa data kwenye mpakato. Taarifa za wateja zinalindwa kisheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022.

Rudia kila baada ya miezi mitatu, na safari hii mpe karatasi mtu mwingine, wewe kaa kimya pembeni. Kila atakapokwama, karatasi imepungukiwa na sentensi. Iongeze.

11. Kamilisha karatasi ya dharura. Ichapishe, nakala mbili, ndani ya bahasha zilezile. Iwe na: nenosiri la restic, funguo na anwani ya wingu, jina na nenosiri la mtumiaji wa hifadhidata, leseni ya programu ya mauzo na faili lake la kusakinisha lilipo, amri za hatua ya 10 jinsi zilivyo, namba za simu za fundi wawili, na mahali diski B inapolala.

Siku yenyewe ikifika

Kama ni kirusi, chomoa waya wa mtandao kwenye seva na kwenye kompyuta zote. Usichomeke diski B kwenye mashine yoyote iliyokuwa kwenye mtandao huo. Hapa ndipo watu hupoteza nakala yao ya mwisho kwa pupa. Urejeshaji ufanyike kwenye mashine safi, na usichukue latest bila kufikiri. Angalia orodha ya snapshots, chagua ya tarehe iliyotangulia tatizo.

Kama ni diski ya seva kufa, iweke pembeni. Usiiumbize wala usiijaribu mara kwa mara, bado yaweza kuhitajika kwa data ya saa zile ambazo bekapu haikuzifikia.

Wakati fundi anafanya kazi, kaunta iandike kwa mkono kwenye kitabu cha risiti, kila bidhaa na bei yake. Andaa kitabu hicho leo. Na mtu mmoja tu azungumze na fundi. Simu za kila dakika tano zinachelewesha kazi na kuzaa makosa.

Matatizo yanayoulizwa zaidi

*Restic inauliza "Is there a repository at the following location?"* Diski haijafunguliwa, au iliyochomekwa siyo. Usiandike init tena! Ukifanya hivyo diski ikiwa haijafunguliwa, utaanzisha hazina mpya kwenye diski ya seva yenyewe, na bekapu zitakuwa zinaingia humo humo. Andika `lsblk -f` uone kama lebo bekapu ipo.

*"repository is already locked".* Umeme ulikatika kazi ikiendelea. Hakikisha hakuna restic nyingine inayokimbia, kisha `restic unlock` kwenye hazina hiyo.

*Nenosiri linakataliwa kwenye mpakato.* Mara nyingi ni herufi kubwa mwanzoni au nafasi mwishoni. Linganisha karatasi na faili la /root/.bekapu-siri leo, seva ikiwa bado hai.

*Programu ya mauzo inasema "Access denied" baada ya kurejesha.* Nakala ya hifadhidata moja haibebi watumiaji wake. Muumbe mtumiaji upya kwa jina na nenosiri lile lile lililoko kwenye karatasi, umpe haki juu ya hifadhidata duka.

*Nimepata taarifa kwamba hodi haikufika, lakini bekapu ipo.* Intaneti haikuwepo dakika ile. Hakikisha kwa amri ya snapshots, usikisie. Ikitokea kila wiki, sogeza muda.

*Diski imejaa.* Kwanza tazama kama kuna mtu ameweka filamu au picha za kamera za ulinzi kwenye /srv/ofisi. Ziondoe kwenye orodha kwa `--exclude`. Data ikiwa ni halali, nunua diski kubwa mbili, na zile za zamani zitunzwe zilivyo.

*Nitajuaje diski yenyewe inaanza kuchoka?* Mara moja kwa mwezi endesha `restic check --read-data-subset=10%` kwenye kila diski. Ikitoa kosa lolote, badilisha diski hiyo wiki hiyo hiyo.

*Natumia Windows na QuickBooks au Tally.* Bekapu itolewe na programu yenyewe, kupitia menyu yake, kwenda kwenye folda moja maalumu, kisha folda hiyo ndiyo inakiliwe kwenye diski A na B. Kunakili faili la kampuni likiwa limefunguliwa na karani kunakupa faili bovu. Restic nayo ipo kwa Windows, na Task Scheduler inachukua nafasi ya cron. Kuzungusha diski, bahasha na zoezi la kurejesha havibadiliki hata kidogo.